Lupango wa Bienaimé Kapya Mulongo

Baba Padri, Mama Victorine, papa na maman, tonton na tantine wote mliotoka Liège, Lille na Lubumbashi, majirani wa Schaerbeek, na ninyi vijana wenye mabega mapana mliojaza viti vya nyuma hata vikaanza kulia kabla ya waombolezaji, familia ya Mulongo imemtuma Rolande, dada mkubwa wa marehemu, awasomee maisha ya mdogo wake tangu kuzaliwa hadi kututoka, na kwa kuwa wiki hii wameshatokea watu waliokwisha kuyasimulia maisha hayo kwenye ngazi za nyumba, ndani ya tramu na mbele ya saluni za Galerie d'Ixelles, familia imeamua kwamba leo yatasomwa yote, pamoja na yale ambayo katika kusoma kwa namna hii huwa tunayaruka.

Marehemu Bienaimé Kapya Mulongo alizaliwa Jumanne tarehe 9 Agosti 1983 mjini Lubumbashi, katika commune ya Kenya, ambayo ni mtaa wa mji huo na si ile nchi, mtoto wa tatu na wa kwanza wa kiume wa Papa Antoine Mulongo, karani wa reli, aliyetangulia mwaka 2016, na Mama Victorine, ambaye yuko hapa mbele yenu na anasikia vizuri kabisa, kwa hiyo wale walio nyuma wapunguze kunong'ona. Alizaliwa na kilo tano kasoro kidogo, na mkunga, kwa ushahidi wa mama yake, alimwinua juu akamtazama, akasema, "Maman, huyu haukumuzaa, alihama tu." Alikua akicheza katika lupango wa wazazi wake, yaani kile kiwanja cha nyumba chenye ukuta wa matofali kuzunguka pande zote, ambacho mtu wa Lubumbashi akikitaja kwa jina hilo huwa anataja pia mama, kuku na usalama.

Alianza shule ya msingi hukohuko Lubumbashi, na mwezi wa Septemba 1994 familia ikamfuata Papa Antoine hapa Brussels, ikapanga ghorofa ya tatu karibu na parc Josaphat, Schaerbeek, ambako marehemu alimaliza shule ya msingi, kisha akasoma shule ya ufundi wa umeme hadi akapata diploma yake tarehe 28 Juni 2002. Walimu wake waliandika kwamba ni mtulivu, jambo ambalo lilimshangaza kila mtu aliyekuwa akiishi ghorofa ya pili.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Oktoba 1999, akiwa amekaa kwenye nyasi za parc pamoja na dada yake Rolande na rafiki yake Hamza, mtoto wa jirani zetu Waturuki, alipowaona wanaume wazima wamevaa kofia ngumu wanagongana na kuanguka na kuinuka tena, akamwambia dada yake kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliye na hakika kwamba haeleweki, "Angalia bale bazee, banavaa sufuria ku kichwa juu ya kufukuza yayi." Muzungu mmoja mwenye mvi, aliyesimama hatua chache kutoka pale na filimbi shingoni, akageuka bila haraka, akajibu, "Kuya basi ushike ile yayi, weye mwenye mudomo." Huyo ndiye Rik, ambaye wengi wenu mmemwona tangu asubuhi akibeba viti, aliyezaliwa Likasi wakati ukiitwa jina lingine, akaondoka huko na wazazi wake akiwa na miaka kumi, na Kiswahili chake kikabaki na umri huohuo, Kiswahili cha mtoto wa uani, cha kugombana na cha kuomba muwa. Marehemu alikwenda kushika yai, hakulishika, alipigwa chini mara ya kwanza na ya pili, na alipofika nyumbani mama yake alimuuliza ni tramu gani iliyomgonga.

Timu ile ilijiita Punda, kwa sababu Schaerbeek tangu zamani ni mji wa punda, na mchezo wenyewe ni ule mpira wa miguu wa Wamarekani ambao miguu haina kazi kubwa. Kwa wale ambao hadi leo wanasema marehemu alicheza basket, familia inaomba isieleze tena, isipokuwa hivi: upande mmoja una mpira na unataka kupita, upande wa pili unakataa, na Bienaimé kwa miaka kumi na tatu alikuwa mtu wa kukataa. Alisimama katika safu ya ulinzi, kazi yake ikiwa kumfikia yule mwenye mpira kabla hajautupa na kumlaza chini kwa heshima. Rik, kwa kuwa timu nyingine zilikuwa zimezoea kusikiliza amri za Kifaransa na za Kiholanzi na kujua kinachokuja, alianza kuwapangia walinzi wake kwa Kiswahili cha Likasi, na amri iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa moja, "Lupango!", ambayo ikitamkwa walinzi wote wanakazana bega kwa bega kama ukuta wa matofali, pengo likitokea wa karibu analiziba, na hapiti mtu. Hamza, aliyecheza kushoto kwa marehemu, aliita na kuitikia lupango kwa misimu mitatu akiamini ni neno la Kimarekani, na alipoambiwa ukweli alisema, "Alors miaka hii yote nilikuwa ninasema uwanja wa nyumba?", akaambiwa ndiyo, akasema basi ni vizuri, hata kwao nyumba ni kitu cha kulindwa.

Papa Antoine, Mungu amrehemu, hakuupenda mchezo huo, na parokiani alipoulizwa kijana anafanya nini alijibu kwamba yuko katika mambo ya kimataifa, hata watu wakaamini yuko ofisini kule Schuman, penye ofisi za Umoja wa Ulaya, na Mama Victorine aliyekuwa pembeni yake akasahihisha, "Si bureau, papa. Anapigana." Bon, mwaka 2004 mambo yakawa ya kimataifa kweli, kwa sababu tarehe 3 Machi marehemu alitia sahihi mkataba wake wa kwanza wa kulipwa huko Ujerumani, na mwezi wa Julai 2007 akaitwa Marekani, akacheza misimu mitano, mmoja katika timu ya kusini na minne katika klabu ya kaskazini ambayo familia haitaitaja, si kwa woga, bali kwa sababu haikualikwa msibani. Huko nako aliwafundisha walinzi wenzake neno lake, na mwezi wa Desemba 2009, katika saluni ya Maman Aziza kule Galerie d'Ixelles, ambako wanawake walikuwa wamekaa vichwa nusu vimesukwa na nusu bado, wakiangalia kwenye televisheni mchezo ambao hakuna aliyeuelewa, ilisikika kutoka ndani ya theluji ya Amerika sauti ya mtoto wa Kenya, Lubumbashi, ikiita "Lupango!", na wanaume weusi na weupe wa majimbo ambayo hatutayajua kamwe wakajikaza bega kwa bega. Maman Aziza alidondosha kitana, akasema, "Batu ba Amerika balingie ku lupango ya Victorine", na saluni nzima ikasimama.

Familia inasema hayo kwa majivuno, na inasema na haya yafuatayo kwa sauti ileile. Tarehe 14 Novemba 2010 marehemu aligongwa kichwani katikati ya mchezo, akainuka akielekea upande usio wake, na daktari wa klabu alipomuuliza wako mji gani, akajibu Likasi, mji ambamo hakuwahi kuishi hata siku moja, ila mke wake alizaliwa huko, watu wa benchi wakacheka, daktari naye akacheka, na baada ya muda mfupi wakamrudisha uwanjani. Hiyo si mara ya kwanza wala ya mwisho, ni ile tu tunayoijua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiisimulia kwenye sikukuu kama kichekesho, nasi tulicheka pia, na hilo linasomwa hapa kwa sababu tulisema yatasomwa yote.

Mwaka 2012 goti lilimkataa akarudi Brussels, akaajiriwa mlinzi wa jengo moja la ofisi kule Schuman, na wale waliokuwa wamemwombea awe mkubwa ili wamwombe walisikitika sana kwa niaba yake. Yeye hakusikitika. Kila Jumamosi alirudi parc Josaphat kufundisha Punda wadogo pamoja na Rik, na akaweka sheria yake moja, kwamba mchezaji akigongwa kichwani anakaa, hata akilia, hata mama yake akilia, hata mechi ikipotea, na mechi nyingi zilipotea, na wazazi wengine walikwenda kumshtaki kwa Rik, naye Rik akawajibu kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia kila alipotaka mazungumzo yaishe.

Kuhusu ndoa, marehemu alimwoa Myriam, muuguzi, mzaliwa wa Likasi wa wazazi waliotoka Kasai, jambo ambalo kwa baadhi ya ndugu zetu wa Katanga, ambao hadi leo wanawaona Wakasai kuwa wageni waliokuja kuzalia kwetu, ni makosa mawili katika sentensi moja. Mali, yaani mahari, ilipelekwa na ikapokelewa, Papa Antoine mwenyewe akiwa mbele ya ujumbe, ndoa ya serikali ikafungwa katika nyumba ya commune ya Schaerbeek Jumamosi tarehe 11 Julai 2009, na ya kanisa jioni hiyohiyo. Mungu akawajalia watoto wawili, Larissa, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2010, na Antoine mdogo, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2013, ambaye kwa kubeba jina la babu yake tunamwita Dady.

Sasa ugonjwa. Katika historia za namna hii huandikwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, na wazee walishauri iandikwe hivyo, wengine wakapendekeza malaria, kana kwamba mbu wa Schaerbeek wamepata ujuzi mpya. Marehemu aliugua kwa miaka saba. Mwaka 2018 alianza kupita kituo chake cha tramu na kujikuta mwisho wa njia, mwaka uliofuata mwanga wa asubuhi ulimuumiza, akaacha kazi, kisha zikaja hasira ambazo hazikuwa zake, kwani siku moja alipasua meza ya jikoni kwa ngumi kwa sababu ya kijiko, akakaa chini sakafuni akaikusanya vipande vipande, akamwambia Myriam, "Ule aliyepasua meza, usimuache ndani na batoto", na tangu siku hiyo, kila alipohisi yule mtu anakuja, alivaa koti lake mwenyewe akaenda kwa Rik hadi apite. Madaktari walieleza kwamba kuna ugonjwa unaoletwa na mapigo ya kichwa yaliyorundikana, kwamba walikuwa wanaushuku kwake, na kwamba hakuna njia ya kuuthibitisha mtu akiwa hai, ila kwa kuuchunguza ubongo wake baada ya kufa.

Jumapili tarehe 1 Januari 2023 ilikuwa siku njema, kichwa kilikuwa chake, naye akaitumia. Mbele ya bukari, yaani ugali wetu, samaki wa tomson na matembele, wakiwapo Mama Victorine, Myriam, Rolande, Rik na Tonton Sylvestre, mdogo wa Mama Victorine, ambaye kwa mila zetu ndiye mjomba mwenye neno juu ya mwili wa marehemu, Bienaimé aliweka kijiko chini akasema, "Siku nitakufa, docteurs bachukue ubongo, baangalie. Miye nilicheza bila kujua. Batoto ba parc bacheze bakijua. Na musiseme mupira iliniua, nilikuwa ninaipenda. Museme tu yenye iko." Rik alijifanya anatafuta mwiba katika samaki, na Tonton Sylvestre, baada ya kufikiri, alisukuma sahani yake mbele akaomba kuongezewa matembele. Sisi wote tulimwelewa kuwa amekubali, kwa sababu mjomba asiyekubali haongezi mboga.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 21 Januari 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali hapa Brussels, mapafu yakiwa yamechoka, mkono mmoja ukiwa mikononi mwa mke wake na wa pili kwa mama yake, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Kesho yake madaktari walifanya alichokiomba. Matokeo hayajatoka, na familia haitajifanya kuyajua.

Kilichotoka haraka kuliko matokeo ni maneno. Ilisemwa kwamba muntu anazikwa muzima, bila kupungukiwa kiungo, kwamba Myriam, kwa kuwa anafanya kazi hospitali, ameuza kichwa cha mume wake kwa rafiki zake, kwamba watu wa kwao wanajulikana, kwamba goti, meza na tramu vyote vilikuwa bulozi, uchawi wa nyumbani, na kwamba mjane wa namna hiyo hawezi kutembea nyuma ya jeneza wala kutupa udongo. Jumapili iliyopita mchana, kwenye kilio, mbele ya watu wote, Tonton Sylvestre alisimama akasema kwamba yeye kama mjomba hakuwahi kuulizwa wala kuambiwa, na Myriam, aliyekuwa ameketi chini kwenye mkeka, peke yake upande mzima wa ukumbi, hakuinua uso, na Larissa akaanza kukusanya makoti yao.

Hapo ndipo walipoingia wajukuu. Kwa wageni wetu ambao hawajui, kwetu msiba una wajukuu wake wa ukoo, ambao kazi yao ni kumwiga marehemu na kuwatania wafiwa, na haijalishi wanasema nini, hakuna anayeruhusiwa kuwakasirikia, na mwaka huu zamu ilikuwa ya Guylain, mjukuu mwenye kitambi na mvi za ndevu. Guylain aliingia amevaa kofia ngumu ya Punda ya marehemu, akaigonga meza ya vinywaji, akaiomba radhi, akatembea polepole hadi mbele ya Tonton Sylvestre, akalala kifudifudi miguuni pake, kofia ikigusa viatu vyake, akasema kutoka ndani, "Tonton, miye njo kichwa. Juu ya nini unauliza bibi yangu Myriam? Uniulize miye mwenyewe kama niliuzwa." Akaigonga kofia kwa vidole. "Ou bien," kofia ikasema tena, "tuulize matembele, yenyewe ilikuwa pale."

Aliyecheka wa kwanza ni Mama Victorine, ambaye hakuwa ametoa sauti tangu Jumanne, alicheka hadi machozi yakapata njia, kisha akainuka kutoka kwenye kiti cha wafiwa wakubwa, akavuka ukumbi mzima, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka pembeni ya Myriam, bega lake likigusa bega la mkwewe, akamwambia mdogo wake, "Sylvestre, ulikula, ulisikia, uliongeza. Mutoto njo wangu. Kama huyu alimuuza, basi tulimuuza wawili." Tonton alitoka nje na kofia yake mkononi, na kwa siku nzima iliyofuata simu yake haikupatikana.

Kwa hiyo familia inatamka hapa, mbele ya Baba Padri na mbele yenu nyote, kwamba Bienaimé hakuuzwa na mtu na hakurogwa na mtu, kwamba kichwa kilikuwa chake na alikitoa mwenyewe akiwa na akili zake, mchana, mezani, ili watoto wa watu asiowajua wacheze wakijua, na kwamba yeyote mwenye neno juu ya Myriam alilete kwa Mama Victorine, asilipeleke kwenye tramu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, ambao walijibu hata maswali tuliyoyauliza mara mbili, wafanyakazi wenzake wa Schuman waliokuja kwa sare zao kwa sababu zamu inaanza saa nane, jirani wa ghorofa ya pili, Maman Greta, aliyepika supu kwa ajili ya watu asiojua idadi yao wala lugha yao, Maman Aziza aliyefunga saluni yake Jumamosi, siku ambayo mwenye saluni hafungi hata kwa vita, Guylain, ambaye tunamwomba arudishe kofia, na Rik, aliyempa mtoto wetu neno letu wenyewe. Inamshukuru pia Tonton Sylvestre, ambaye amefika, ameketi karibu na mlango, na ambaye mwaka 2023 alishuhudia kwa sahani yake.

Kuhusu kutoka, mtaongozwa hivi. Myriam atatembea wa kwanza nyuma ya jeneza, Larissa kuume kwake na Dady kushoto, Mama Victorine baada yao, na udongo wa kwanza ni wa Myriam. Punda, wa zamani na wadogo, mtajipanga pande zote mbili za mjane na watoto wake kutoka mlango wa kanisa hadi kaburini, Hamza ndiye atakayeita, nanyi mnajua la kufanya. Kuume, kati ya Rik na Mama Victorine, ipo nafasi ya mjomba, ni yake, hakuna aliyemnyang'anya, na akija ataikuta. Asipokuja, Rolande ataiziba.

Kapya, mtoto wa mama, usigeuke kuangalia, tuko bega kwa bega na hapiti mtu. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.